Asilimia ya Nini?

Risiti ya duka la vifaa vya ujenzi ilionyesha jumla ya shilingi 118,000, pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Swali lililoandikwa ubaoni lilikuwa fupi: kabla ya kodi, mzigo ule ulikuwa shilingi ngapi? Darasa la Kidato cha Pili likagawanyika. Wengi walitafuta asilimia 18 ya 118,000, wakapata 21,240, wakaitoa na kufikia 96,760. Wachache walisema 100,000.

Mwalimu hakutamka nani amepata. Aliwaambia wale wa 96,760 waichukue bei yao, waiongezee kodi ya asilimia 18, kisha walete jumla. Walirudi na 114,176.80. Risiti inasema 118,000. Zaidi ya shilingi 3,800 hazionekani, na hakuna aliyezichukua. Ndipo akauliza swali ambalo wanafunzi wake wote wamelisikia mpaka wamelizoea: asilimia 18 ya nini?

Kimya kilikuwa kifupi. Binti mmoja wa dawati la mbele akajibu kwamba ni asilimia 18 ya bei ya mwenye duka, ile ambayo haikuandikwa. Jibu hilo lilibeba somo zima. Bei ya mwenye duka haijulikani, kwa hiyo ipewe herufi, tuseme x. Kodi ni 0.18x. Mteja amelipa vyote viwili: x + 0.18x = 118,000. Yaani 1.18x = 118,000, na x ni 100,000. Kodi ni 18,000, na jumla inarudi palepale risiti inaposema.

Mwalimu huyu amefundisha hisabati katika shule za sekondari za Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Anachokumbuka zaidi katika miaka hiyo ni namna mafumbo ya asilimia yanavyowakwamisha watoto wanaojua kuzidisha na kugawanya vizuri kabisa. Mtoto huyohuyo anayetatua 1.18x = 118,000 bila kusita hushindwa kuupata mlinganyo huo akipewa risiti. Kazi ngumu iko kabla ya hesabu, pale ambapo habari ya dukani, shambani au benki inatakiwa iwe sentensi ya aljebra.

Yeye mwenyewe alionja ugumu huo nyumbani kwanza, kabla ya kuukuta darasani. Alikulia Mbozi, wilaya ya mahindi na kahawa ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Baada ya mavuno mahindi yalianikwa juu ya maturubai, yakageuzwa mchana kutwa, kwa sababu mnunuzi makini haji na mizani peke yake. Huja pia na kipima unyevu. Kiwango kinachotambuliwa Afrika Mashariki kwa mahindi makavu ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Zaidi ya hapo nafaka huota ukungu ghalani.

Hapo ndipo mabishano yalipozuka. Mkulima ana kilo 1,000 za mahindi zenye unyevu wa asilimia 22. Akizikausha hadi asilimia 13.5, zitabaki kilo ngapi? Majirani walikuwa wakitoa 13.5 kwenye 22, wanapata 8.5, kisha wanasema kilo 85 zitapungua na 915 zitabaki. Mizani ikisoma kilo 901 na kitu, lawama zinaanza: mizani imechezewa, dalali ameingiza mkono.

Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwalimu, aliipeleka hesabu hiyo darasani na kuuliza lile swali lake. Asilimia 22 ni ya nini? Ni ya uzito wa mwanzo, kilo 1,000. Asilimia 13.5 ni ya nini? Ni ya uzito wa mwisho, ambao haujulikani. Asilimia mbili zenye wenyewe wawili tofauti haziwezi kutolewa moja kwa nyingine na kuleta kilo. Basi kitafutwe kitu ambacho jua halikukigusa, nacho ni ile sehemu kavu ya punje. Mwanzoni ilikuwa asilimia 78 ya kilo 1,000, yaani kilo 780. Mwishoni ni kilo zilezile 780, ila sasa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Mlinganyo unajiandika: 0.865x = 780. Jibu ni kilo 901.7 hivi. Zile kilo 13 zilizogombaniwa zilikuwa maji yaliyopaa angani, na mizani ilikuwa haina kosa.

Kutokana na mahindi hayo mwalimu alipata kanuni yake ya kwanza ya kufundishia: mlinganyo ni kauli kwamba vitu viwili ni sawa, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote mwanafunzi atafute ni nini hasa kinacholingana na nini. Kwenye risiti, bei na kodi vikijumlishwa vinalingana na fedha iliyolipwa. Kwenye mahindi, sehemu kavu ya mwanzo inalingana na sehemu kavu ya mwisho. Asiyeweza kuisema kauli hiyo kwa mdomo hana sababu ya kushika kalamu bado.

Kanuni ya pili, kwamba kila asilimia itajwe ni ya nini, ilitoka serikalini. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara Julai 1, 1998, kwa kiwango cha asilimia 20, wakati yeye akiwa bado mwanafunzi. Julai 2009, kiwango kiliposhushwa hadi asilimia 18, alikuwa tayari anashika chaki, na habari hiyo ilimpa somo ambalo hakuna kitabu kilichompatia. Wanafunzi waliamini kwamba bidhaa zinazotozwa kodi hiyo zingeshuka bei kwa asilimia 2. Akawaambia waiite x ile isiyobadilika, yaani bei ya mwenye duka. Zamani mteja alilipa 1.20x, sasa atalipa 1.18x. Aliyekuwa akilipa shilingi 120 atalipa 118. Amepunguziwa shilingi 2 kati ya 120, sawa na asilimia 1.67 hivi. Kodi yenyewe imeshuka kutoka shilingi 20 hadi 18, nayo ni asilimia 10. Kiwango kimeshuka kwa pointi 2. Majibu matatu, tukio moja, na kila jibu ni sahihi kwa kitu chake.

Kenya ilitoa mfano mwingine uliomfaa zaidi. Mwezi Aprili 2020, katika hatua za kupunguza makali ya korona, kiwango cha kodi hiyo nchini humo kilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 kikarudishwa 16. Pointi ni zilezile mbili kwenda na kurudi. Lakini kushuka kutoka 16 hadi 14 ni kupungua kwa asilimia 12.5, na kupanda kutoka 14 hadi 16 ni kuongezeka kwa asilimia 14.3 hivi, kwa kuwa safari ya pili imeanzia mahali pengine. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii hahangaiki tena kueleza kwa nini kitenge kilichopandishwa bei kwa asilimia 20, kisha kikawekewa punguzo la asilimia 20, hakirudi bei ya awali. Bei yake sasa ni 1.20 mara 0.80 ya x, yaani 0.96x.

Kwa uzoefu huo mwalimu aliacha kufundisha mafumbo ya asilimia kwa kutafuta maneno ya kushika, kama vile "ukiona punguzo, toa" au "ukiona ongezeko, jumlisha". Maneno hayo humsaidia mtoto kwa maswali ya zoezi la kwanza, kisha humwangusha. Fumbo la risiti lina neno "pamoja na", na bado kinachotakiwa mwishoni ni kugawanya. Badala yake anawataka wanafunzi waisimulie habari upya kwa mpangilio wa matukio. Ni nini kilikuwapo kwanza? Bei ya mwenye duka. Halafu kikatokea nini? Kodi ikaongezwa. Mwisho? Mteja akalipa. Fumbo limeandikwa kuanzia mwisho, kwa sababu mtunzi ametupa kilichoonekana na kutuficha kilichotangulia. Mlinganyo unaanza pale mambo yalipoanzia, na herufi ndiyo inayokaa mahali pa kilichofichwa.

Herufi yenyewe anaisimamia kwa ukali. Hakubali mwanafunzi aandike "x = bei". Bei ipi, ya nani, kwa kipimo gani? Anataka isomeke: x ni bei ya mzigo kabla ya kodi, kwa shilingi. Ukali huo una msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti John Clement wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio lililokuja kuwa maarufu miongoni mwa wanaochunguza ufundishaji wa hisabati. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi waliambiwa kwamba katika chuo fulani wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, kisha wakatakiwa kuandika mlinganyo. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa kubwa lilikuwa kuugeuza: waliandika kwamba mara sita ya wanafunzi ni sawa na maprofesa. Walifuata maneno yalivyopangwa katika sentensi, na herufi wakaichukulia kama jina la watu badala ya idadi yao. Kama hilo linawapata wahandisi watarajiwa, mtoto wa Kidato cha Pili anahitaji kuzuiwa mapema.

Kuna wanafunzi ambao herufi inawatisha hata baada ya maelezo hayo. Hao anawapeleka Misri. Mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo mwandishi aitwaye Ahmes alinakili mafumbo ya hesabu kwenye mafunjo, na mafunjo hayo, yaliyonunuliwa Luxor na Mskochi Alexander Henry Rhind mwaka 1858, sasa yako British Museum jijini London. Fumbo la 24 linasema: kiasi fulani, kikijumlishwa na sehemu yake moja ya saba, kinakuwa 19. Kiasi hicho ni kipi? Njia ya Ahmes ilikuwa kubahatisha kwa makusudi. Tuseme ni 7. Saba na moja ya saba yake ni 8. Tunataka 19, basi tuzidishe 7 kwa 19 na kugawanya kwa 8, tupate 16 na tano ya nane.

Kwenye asilimia, namba nzuri ya kubahatisha ni 100. Tuseme bei ilikuwa 100. Ikiongezwa kodi inakuwa 118. Risiti nyingine inasema 59,000, ambayo ni mara 500 ya 118, kwa hiyo bei ya kweli ni mara 500 ya 100, yaani 50,000. Watoto wanaipenda njia hii, na mwalimu haizuii. Ni hesabu halali kabisa, na inamfanya mwoga aone kwamba kisichojulikana kinaweza kutendewa kazi kama kinachojulikana.

Ila kuna siku inagoma, na siku hiyo mwalimu huiandaa yeye mwenyewe kwa kuleta kodi ya mshahara. Kwa viwango vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000 hakitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya ile ziada. Na anayepata zaidi ya 520,000 hadi 760,000 hulipa shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Fumbo: mfanyakazi amekatwa kodi ya shilingi 44,000. Kipato chake kinachotozwa kodi ni kiasi gani?

Wafuasi wa Ahmes wanabahatisha 600,000. Kodi yake ni 20,000 na asilimia 20 ya 80,000, jumla 36,000. Wanazidisha 600,000 kwa 44 na kugawanya kwa 36, wanapata 733,333. Wakijaribu jibu hilo, kodi inatoka 62,667. Mbali sana. Njia imekataa kwa sababu kodi hii haikui sambamba na mshahara. Ina shilingi 20,000 zilizosimama tu, na asilimia yake ni ya ziada, haigusi mshahara wote. Swali la asilimia ya nini linarudi likiwa na jibu jipya: ya x − 520,000. Mlinganyo ni 20,000 + 0.20(x − 520,000) = 44,000. Ondoa 20,000 pande zote mbili, zinabaki 24,000. Gawanya kwa 0.20, ni 120,000. Kwa hiyo x ni 640,000. Hapo mabano yanaonekana kazi yake, na mwanafunzi aliyeimba MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa matendo unaoanza na mabano, tangu shule ya msingi anayaona kwa mara ya kwanza yakilinda fedha za mtu.

Huo ndio wakati anaopenda kumtaja al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Wanafunzi hushangaa kusikia mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi: nani apate fungu gani la mali, na ya mali ipi, baada ya deni kutolewa. Pili, hakutumia herufi kama x. Kila mlinganyo aliueleza kwa maneno, hatua kwa hatua. Aljebra ilikuwa sentensi kamili kabla haijawa alama, na mwalimu anaona hiyo ni ruhusa tosha ya kuwaacha watoto wazungumze kwanza.

Ruhusa hiyo ina uzito katika shule za serikali Tanzania, ambako mtoto hujifunza hisabati kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, kisha Kidato cha Kwanza anakutana nayo kwa Kiingereza. Fumbo la asilimia linakuwa mafumbo mawili: la lugha na la hesabu. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini katika mtihani wa Kidato cha Nne, na mwalimu huyu anaamini kwamba sehemu ya mzigo huo iko hapa. Darasani kwake fumbo husomwa kwa Kiingereza, husimuliwa na wanafunzi kwa Kiswahili mpaka kila mmoja ajue nini kilitangulia na nini kilifuata, ndipo mlinganyo uandikwe. George Pólya, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1945 kuhusu utatuzi wa mafumbo, aliweka kulielewa swali kama hatua ya kwanza kati ya nne, na kulitazama upya jibu kama hatua ya mwisho. Hatua hizo mbili ndizo zinazorukwa zaidi, na ndizo zisizohitaji hesabu ngumu.

Mwaka 2020, shule zilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, somo lilijileta lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mwongozo wa kutengeneza dawa ya kutakasa mikono: kwa lita 10, chukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, gliseroli kidogo, kisha jazia maji. Kwa nini 8,333, namba isiyokaa vizuri hata kwenye kikombe cha kupimia? Wanafunzi waliambiwa kwamba dawa iliyokamilika inatakiwa iwe na ethanoli asilimia 80. Asilimia 96 ni ya kilichomiminwa, asilimia 80 ni ya lita zote 10, na ethanoli yenyewe ni ileile. Hivyo 0.96x = 0.80 × 10,000, na x ni 8,333. Walijaribu peroksaidi pia, ambayo mwishoni hutakiwa kuwa asilimia 0.125: 0.03y = 12.5, na y ni 417 kasoro kidogo. Furaha iliyolipuka darasani ilitokana na kugundua kwamba namba za mwongozo wa dunia nzima zilitoka kwenye mlinganyo wanaoweza kuuandika wao, uleule wa mahindi ya Mbozi.

Tangu hapo wanafunzi ndio wanaoleta mafumbo. Mmoja alileta karatasi ya mkopo wa mama yake, mmoja wa mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu. Imeandikwa shilingi 500,000 kwa mwezi, riba asilimia 10, na riba hukatwa mapema. Mama alipokea 450,000 mkononi na kutakiwa kurudisha 500,000. Darasa liliuliza lile swali bila kusukumwa. Asilimia 10 ni ya kilichoandikwa, ilhali fedha aliyoitumia mama ni 450,000. Shilingi 50,000 kwa 450,000 ni asilimia 11.1 kwa mwezi. Kisha wakauliza la pili: akitaka kupata 500,000 kamili mkononi, aandikishe kiasi gani? x − 0.10x = 500,000, kwa hiyo 0.90x = 500,000, na x ni 555,556 hivi. Angekopa kwenye kikoba kinachotoza asilimia 10 ileile lakini kuidai mwisho wa mwezi, angerudisha 550,000. Tofauti ni shilingi 5,556 kila mwezi, kwa asilimia yenye jina moja.

Mwalimu aliliongeza fumbo hilo kwenye daftari analotungia mitihani ya majaribio, akiwa ameondoa jina la mkopaji na la mkopeshaji, na chini yake akaandika swali la nyongeza kwa wanaomaliza mapema: mkopeshaji akikata asilimia 20 mapema, kikoba kitoze asilimia ngapi mwishoni ili gharama zilingane? Jibu ni 25, na anataka lifikiwe kwa mlinganyo, huku kila asilimia ikiwa imetajwa ni ya nini.